Vitu vinne vya mashua unavyoweza kujitengenezea mwenyewe

Leo siasa tunaiweka pembeni kidogo. Naweka hapa vitu vinne ambavyo mwenye mashua ya tanga anaweza kujitengenezea nyumbani kwa kisu, kamba na madumu ya mafuta ya kula. Vyote vinakaa kwenye tezi, yaani kule nyuma anakokaa mshika usukani.

Tanga sio mambo mageni kwetu. Mwaka 1858 yule Mzungu Speke alivuka kutoka Ujiji kwa mtumbwi kwenda ng'ambo kutafuta jahazi la kukodi, akarudi bila jahazi. Siku hizi boti nyingi zina injini, lakini mafuta yakiwa ghali wenye tanga bado wapo, mjomba wangu mmoja wao.

Mwaka juzi mwezi wa saba tulitoka naye Ujiji na magunia ya mihogo, tunakwenda Kigoma mjini. Wenyeji mnajua, kuanzia mwezi wa tano mpaka wa tisa upepo wa kusi hauna mchezo. Ziwa lina urefu wa kilomita 670 hivi, kwa hiyo mawimbi yana nafasi ya kukua. Karibu na rasi ya Bangwe wimbi likaingia kwa nyuma. Nikashika kopo la kufulia maji, wimbi la pili likaninyang'anya. Kopo likaelea zake, tunaliangalia tu. Mjomba hawezi kuachia usukani, mimi nafua maji kwa sufuria ya ugali. Magunia matatu tuliyatupa ziwani kwa mikono yetu wenyewe. Tulifika salama, ila ile ilikuwa hela ya sare na madaftari ya mtoto wake.

Mjomba alilaumu upepo. Mimi nalaumu kamba ya mita moja na nusu ambayo hatukuifunga. Haya, tuanze.

1. Upo (kopo la kufulia maji)
Chukua dumu la lita 5 lenye mkono. Kaza kifuniko, kisha kata kitako kwa mshazari ili upande ulio mkabala na mkono ubaki mrefu. Plastiki inajipinda kufuata ubao, inachota mpaka maji ya chini kabisa. Ukichota lita 2 kila mara, mara 20 kwa dakika, umetoa lita 40. Funga kamba kwenye mkono wa dumu na ncha nyingine kwenye kiti. Hapo ndipo sisi tulipokosea.

2. Kamba ya kana
Kana ni ule mti unaoushika kugeuza usukani. Tandaza kamba kutoka ubavu mmoja wa mashua mpaka wa pili, ipite juu ya kana, kisha izungushe kwenye kana mara mbili. Ncha zote mbili ungia vipande vya tyubu ya baiskeli ili kamba ikazike. Ukiachia mkono, kana inabaki ilipo; ukitaka kugeuza, unaisukuma tu. Sio dereva, na kwenye mawimbi makubwa usiiamini peke yake. Ila inakupa mkono mmoja wa kusaidia, na siku ile mjomba angeuhitaji sana.

3. Boya la madumu
Madumu mawili matupu ya lita 5, vifuniko vimekazwa, yafunge pamoja kwa kamba ukiacha nafasi ya kifua katikati. Kila moja linabeba karibu kilo 5, jumla kilo 10 hivi. Kwanza yazamishe kwenye pipa uone kama yanatoa mapovu. Angalizo: boya hili halikugeuzi uso juu ukizimia kama jaketi la kuokolea. Jaketi linabaki palepale, hili ni la kumrushia mwenzako aliyedondoka. Lifunge kamba ndefu umvute.

4. Ndoo kavu
Ndoo ndogo ya rangi yenye mfuniko wa kubana. Weka simu, tochi na kiberiti. Kuipima: tia gazeti ndani, izamishe nusu saa, fungua. Gazeti likilowa, tafuta ndoo nyingine. Tochi ni muhimu zaidi usiku, maana wavuvi wa dagaa wana taa zao na wewe gizani huonekani.

Kwa kifupi: kila kitu cha kwenye tezi kiwe na kamba yake. Kabla hamjatoka, geuza mashua kichwani mwako, halafu jiulize nini kitabaki. Kisichobaki, kifunge.

Wenzangu wa Kibirizi, Katonga na kwingineko, najua mna ujanja wenu. Uwekeni hapa chini tufaidike wote. Tuko pamoja.