Namba Zikigeuzwa: Si Uchawi, Ni Hesabu

Twaa karatasi na kalamu. Andika namba ya tarakimu tatu, ila ya kwanza na ya mwisho zipitane kwa mbili au zaidi. Tuseme 732. Igeuze: 237. Toa ndogo katika kubwa: 495. Geuza tena: 594. Jumlisha hizo mbili za mwisho. Umepata 1089. Sasa jaribu namba nyingine upendayo. Utapata 1089 vilevile.

Mjanja aweza kuandika 1089 mapema katika karatasi iliyokunjwa, kisha awaambie watu kwamba amesoma mioyo yao. Wengi watashangaa, na mmoja au wawili watamtolea fedha awatabirie na mengine. Kwa hiyo yafaa tujue siri yenyewe iko wapi.

Siri iko katika namna yetu ya kuandika namba. Tarakimu 7 ikikaa mahali pa mamoja ni saba. Mahali pa makumi ni sabini. Mahali pa mamia ni mia saba. Warumi wa kale hawakuandika hivyo. Kwao 73 ni LXXIII. Geuza herufi hizo, nawe hutaona namba tena.

Namna yetu ilitoka Bara Hindi. Mwaka 628 Brahmagupta aliandika huko kanuni za kuhesabu kwa sifuri. Katika karne ya 9 al-Khwarizmi alizieleza hesabu za Kihindi mjini Baghdad. Katika Ulaya ya Wakristu, mmoja wa watu wa kwanza kufundisha kwa tarakimu hizo alikuwa mmonaki Mfaransa, Gerbert wa Aurillac, aliyesoma Catalonia, kaskazini ya Hispania. Mwaka 999 akachaguliwa kuwa Baba Mtakatifu, Papa Silvester II, akafariki mwaka 1003. Zaidi ya miaka mia baadaye, mmonaki Mwingereza William wa Malmesbury aliandika hadithi kwamba Gerbert alijifunza uchawi huko Hispania na kupatana na Shetani. Tazama basi! Elimu isiyoeleweka iligeuka uchawi midomoni mwa watu, na hata Papa hakupona.

Aliyezieneza sana tarakimu hizo katika Ulaya ni Leonardo wa Pisa, kwa kitabu chake cha mwaka 1202. Naye alifundishwa akiwa kijana hapa Afrika, katika bandari ya Bugia, ambayo leo ni Béjaïa ya Algeria. Kitabu hicho kilifundisha pia kupima hesabu kwa tisa.

Kwa nini tisa? Tuanze na namba fupi. Geuza 73 iwe 37. Saba imeshuka kutoka makumi hadi mamoja: 70 imekuwa 7, imepungua 63, yaani 9 mara 7. Tatu imepanda: 3 imekuwa 30, imeongezeka 27, yaani 9 mara 3. Toa 27 katika 63, inabaki 36, yaani 9 mara 4. Na 4 ndiyo tofauti ya 7 na 3.

Kwa tarakimu tatu, ya kati haihami. Za pembeni zinaruka kati ya mamia na mamoja, ndiyo maana hupatikana 99 badala ya 9. Hivyo 495 ni 99 mara 5. Sasa tazama 198, 297, 396 na ndugu zao hadi 891: katikati mna 9, na za pembeni zikijumlishwa ni 9. Ukijumlisha namba kama hiyo na iliyogeuzwa, utapata mamia 9, makumi 18, mamoja 9. Hiyo ni 1089, wala haiwezi kuwa nyingine.

Elimu hii ina faida hata katika parokia. Tuseme daftari la sadaka linasema franka 7300, na sandukuni mna 3700. Zimepungua 3600, namba inayogawanyika kwa 9. Pengine mwandishi aligeuza tarakimu tu. Hiyo ni alama, si hakikisho, maana hata fedha zilizoibwa zaweza kugawanyika kwa tisa. Lakini tulichunguze daftari kwanza, kabla ya kumwita mweka hazina mwizi. Amri ya nane yatukataza kumshuhudia jirani uongo, nayo yavunjwa upesi na mtu anayesema kabla ya kuhesabu.