Maji moto, kunazi na fuvu la mtu mwingine

Najua nimepotea, wengine mmeanza kuuliza kama niko hai. Niko hai, ila mwezi wa kumi huku Padova ndio masomo yanaanza kwa kasi na madesa yameshanifika shingoni. Leo nimeiba masaa mawili niwasimulie Jumamosi yangu, maana nikichelewa nitasahau nusu.

Padova iko kaskazini mashariki mwa Italia, karibu na Venice, na chuo ninachosoma kilianza 1222. Nchi ya huku ni tambarare, unaendesha baiskeli siku nzima hukutani na mwinuko. Halafu ukitazama upande wa kusini magharibi unaona vilima vimechomoza ghafla, kimoja kimoja, vina ncha, kama vichuguu vya mchwa shambani. Ndio Colli Euganei. Kirefu kuliko vyote, Monte Venda, kina mita 601 tu. Mtu wa Lushoto atacheka. Lakini watu wanatoka Ujerumani na Austria kuja hapa kuoga maji ya moto, kunywa divai na kutembelea vijiji vya zamani.

Mimi sikwenda kuoga. Mwalimu wetu wa historia alitupa kazi ya kuandika: chagua sehemu moja, ukaone inakumbuka nini. Nikachagua kijiji cha Arquà, alikofia mshairi Petrarch. Rahisi, nikajisemea, kaburi lipo, nyumba ipo, kurasa nane zinajaa. Ninayekaa naye chumba kimoja ni Mkongo wa Bukavu, anasoma udaktari, kanizidi miaka sita kwa hiyo namwita yaya kama wanavyoitana kwao. Yeye alitaka kwenda kijiji kingine, Vo', nitawaambia kwa nini. Tukakubaliana tupite kote kwa baiskeli, jioni turudi na treni.

Tulitoka saa moja asubuhi, baridi ile ya kukata masikio. Kabla hujaumaliza mji, sehemu inaitwa Mandria, kuna jumba la Villa Giusti. Hapo ndipo tarehe 3 Novemba 1918 Austria-Hungaria ilipotia sahihi kusimamisha vita na Italia. Kwa Waitaliano ni mahali pa heshima, na barabara yenyewe imepewa jina la tukio hilo. Sasa aliyeongoza ujumbe wa Italia siku hiyo ni Jenerali Pietro Badoglio. Jina hilo Mwafrika wa upande wetu inabidi alijue. Ndiye aliyekuja kuongoza majeshi ya Italia Ethiopia kuanzia mwishoni mwa 1935, akatumia gesi ya sumu iliyopigwa marufuku na mkataba wa Geneva wa 1925, mkataba ambao Italia yenyewe ilikuwa imeuridhia, na tarehe 5 Mei 1936 akaingia Addis Ababa. Nikamweleza yaya tukiwa tumesimama nje pale. Akaniambia, "Ndugu yangu, ndio kwanza kilomita ya tano na umeshaanza." Haya, tukaendelea.

Abano ni mji wa hoteli. Kila kona bwawa, kila hoteli ina matope yake. Maji yanatoka ardhini yakiwa na moto wa mpaka nyuzi 87, unaona mvuke ukipanda hata kwenye mifereji. Mimi nilishaandika kwenye daftari kwamba vilima hivi ni volkano na ndiyo inayochemsha maji. Vilima ni volkano kweli, ila zilizimika zaidi ya miaka milioni 30 iliyopita, zimepoa kabisa. Maji ni ya mvua, inayonyesha milimani huko kaskazini, inazama chini mita 2,000 hadi 3,000, inasafiri chini kwa chini kama kilomita 80, na inapata joto huko kwenye kina kabla ya kupanda tena hapa. Nilifuta mstari mzima.

Wenyeji wa kale waliyaabudu maji haya kabla ya Warumi, na Warumi walipofika wakaita Aponus. Suetonius, mwandishi wa habari za makaisari, anasema Tiberius kabla hajawa kaisari alipita karibu na Padova kupiga ramli, akaambiwa atupe dadu za dhahabu kwenye chemchemi ya Aponus. Akatupa, zikaangukia namba ya juu kabisa. Suetonius anaongeza kwamba hata siku zake yeye, miaka mingi baadaye, dadu zilikuwa bado zinaonekana chini ya maji. Hapo mimi nina mashaka... dhahabu ikae majini watu wanapita wanaitazama tu? Labda Warumi walikuwa waaminifu kuliko sisi.

Ninachokipenda ni matope. Wanachukua udongo kwenye kiziwa kidogo cha huko huko Arquà, wanauloweka kwenye maji ya moto siku 50 hadi 60 mpaka uive, ndipo wanampaka mgonjwa wa viungo. Na bima ya afya ya taifa inasaidia kulipia tiba hiyo, mradi daktari ameandika. Nikamkumbuka bibi yangu Tanga. Tukiwa wadogo tukitoka ukurutu alikuwa anatupeleka kwenye maji moto ya Amboni, yale yanayonuka mayai viza, anatusugua mpaka tunalia. Bei ilikuwa ni nauli tu. Hapa Abano nilisoma bei mlangoni pa hoteli moja nikarudi kwenye baiskeli yangu taratibu.

Njiani kuelekea Arquà unaona vilima vingine vina kovu, upande mmoja umekatwa wima kama keki. Hayo ni machimbo ya mawe ya trakiti. Warumi walichimba, Venice ikachimba: mawe ya kijivu ya uwanja wa San Marco, uliotandazwa upya 1723, yametoka vilima hivi. Ila karne ya 20 walikuja na baruti na mashine, vilima vikaanza kuisha kweli kweli, wenyeji wakapiga kelele, mpaka mwaka 1971 Bunge likapitisha sheria ya kufunga sehemu kubwa ya machimbo. Hifadhi ya mkoa ilifuata 1989, na 2024 UNESCO wakaviingiza kwenye orodha yao ya hifadhi za binadamu na mazingira. Kwa hiyo ukiona kadi ya posta ya vilima hivi, kumbuka vingine vilishageuka lami na kokoto.

Arquà ni kijiji cha mawe kilichopanda mlima, na tulikuta ni msimu wa giuggiole. Mama mmoja mzee alikuwa na kikapu mlangoni kwake. Nikaangalia... jamani, kunazi! Sio zile zile za kwetu, hizi ni ndugu zake, ndefu kidogo na zina rangi ya kahawia, lakini ukitafuna macho yamefungwa uko Pangani. Nilinunua mfuko mzima. Yule mama alishangaa kuona Mwafrika anafurahia tunda ambalo vijana wao wenyewe hawalijui, akatuongezea konzi mbili za bure. Waitaliano wana msemo, mtu akifurahi kupita kiasi wanasema ameingia kwenye mchuzi wa giuggiole. Siku hiyo mimi niliogelea.

Petrarch alizaliwa Arezzo 1304. Uzeeni mtawala wa Padova, Francesco da Carrara, alimpa ardhi hapa, naye akajenga nyumba akitaka utulivu. Alifia humo Julai 1374. Kitu kilichonigusa kuliko mashairi yake ni wosia wake wa 1370. Alimwachia rafiki yake Boccaccio, mwandishi mwenzake, florini 50 za dhahabu anunue joho la baridi la kuvaa anaposoma usiku. Mtu aliyewahi kukesha na vitabu kwenye chumba kisicho na moto ataelewa huo ni upendo wa namna gani.

Kaburi lake liko nje mbele ya kanisa, sanduku kubwa la marumaru nyekundu juu ya nguzo. Mwaka 1630 mtawa mmoja na wenzake walilivunja kona wakaiba mifupa ya mkono. Mwaka 1873 profesa wa chuo chetu alilifungua kuchunguza mabaki. Mwishoni mwa 2003 wataalamu wa chuo hiki hiki wakalifungua tena, maana 2004 Petrarch alikuwa anatimiza miaka 700 na walitaka kutengeneza sura yake kutokana na fuvu. Wakapima vinasaba. Fuvu ni la mwanamke! Mifupa mingine wanaamini ni yake, kwa sababu ina majeraha yanayolingana na aliyoyaandika kwenye barua zake. Ila kichwa kimeenda wapi, na huyu mama ni nani, hakuna anayejua. Karne na karne watu wametoka mbali, Byron mmojawapo, kuja kuinamia kaburi hili. Nikafikiria, insha yangu imepatikana, kicheko na kila kitu. Kurasa nane hizo hapo.

Tukala mkate, tukaenda Vo'.

Yaya alikuwa na sababu yake. Tarehe 21 Februari 2020 mkazi wa kijiji hiki alikuwa mtu wa kwanza kutangazwa kufa kwa korona nchini Italia. Kijiji cha watu kama 3,000 kikafungwa, barabara zikawekwa vizuizi. Watafiti wa chuo chetu wakawapima karibu wote, wakarudia tena mwisho wa karantini. Mara ya kwanza walioambukizwa ni asilimia 2.6, mara ya pili 1.2, na zaidi ya asilimia 40 ya waliokutwa na virusi hawakuwa na dalili yoyote. Leo mnaona ni jambo la kawaida, ila wakati ule wengi walikuwa bado wanabishana kama mtu asiyeumwa anaweza kuwa na virusi. Yaya alisimama katikati ya uwanja mdogo wa kijiji kama mtu aliyefika Makka. "Hapa watu walikubali kuchomekwa vijiti puani, wote, watoto na wazee," akasema. "Dunia nzima ikajifunza."

Tukauliza tutaona nini kingine kabla ya jua kuzama. Mzee mmoja akatuonyesha njia ya Vo' Vecchio, Vo' ya zamani. Kuna villa nzuri ya matajiri wa Venice, alisema. Na kweli ni nzuri, na mizabibu iko karibu. Ukutani kuna kibao.

Novemba 30, 1943 wizara ya mambo ya ndani ya serikali ya Mussolini, ile aliyoiunda kaskazini chini ya ulinzi wa Wajerumani, ilitoa amri Wayahudi wote wakamatwe na kuwekwa kwenye kambi za mikoa. Kambi ya mkoa wa Padova ilikuwa nyumba hii. Walioletwa ni watu wa mjini kwetu, familia, wazee, watoto. Waliolinda mlango si Wajerumani, ni polisi wa Kiitaliano. Wakakaa humo kuanzia Desemba mpaka tarehe 17 Julai 1944, ndipo Wajerumani walipokuja kuwachukua. Zaidi ya watu 40 walipelekwa Padova, kisha Trieste, kisha Auschwitz. Waliorudi ni wanawake 3.

Nilikaa chini kwenye majani. Sio kwamba sijasoma habari za Auschwitz, nimezisoma sana na mtihani nimefanya. Ila miaka miwili niko Padova, nimeshasikia habari za paka aliyekaushwa wa nyumba ya Petrarch, hili sikuwahi kulisikia. Na chuo changu kinahusika. Mwaka 1938 sheria za ubaguzi zilipotoka, Bruno Rossi, mwanafizikia aliyekuwa ametoka kujenga taasisi mpya ya fizikia hapa, alifukuzwa kazi kwa kuwa Myahudi, akaishia Marekani. Na kabla ya sheria hizo, Aprili 1937, kulikuwa na nyingine iliyomtishia Mtaliano kifungo cha mpaka miaka mitano akiishi kama mume na mke na mwanamke mweusi wa makoloni. Walianza na wanawake wa Eritrea na Ethiopia, mwaka uliofuata wakahamia kwa maprofesa wao wenyewe. Asubuhi pale Mandria nilidhani Badoglio ni habari ya kwetu tu.

Yaya alisoma kibao mara mbili. Yeye kwao Kivu ameona mambo ambayo huwa hasimulii, na mimi huwa siulizi. Akasema tu, "Nyumba ni nzuri sana." Nikamwambia ndiyo. Tukaokota baiskeli.

Njia ya kurudi mpaka stesheni ya Terme Euganee tuliendesha kimya, giza limeingia, mvuke wa maji moto unaonekana kwenye taa za barabarani. Kwenye treni nikatoa kunazi, tukatafuna, mbegu tukaweka kwenye tiketi. Jumapili nilimwandikia mwalimu kwamba nabadilisha sehemu, naacha Arquà, nataka Vo' Vecchio, na nikamuuliza kama wanafunzi wanaruhusiwa kuona karatasi za kambi hiyo kwenye nyaraka za mkoa. Jibu lilikuja Jumatatu asubuhi, mstari mmoja: njoo ofisini Alhamisi, uje na daftari.