Dawa zisizothibitishwa wakati wa janga la ugonjwa

Dawa zisizothibitishwa wakati wa janga la ugonjwa ni dawa za viwandani, za asili au za nyumbani ambazo watu wengi huanza kuzitumia kukinga au kutibu ugonjwa kabla utafiti haujaonesha kama zinafaa. Dawa ya namna hiyo si lazima iwe ya uongo: baadaye inaweza kuonekana inafaa, haifai au inadhuru. Kinachoitambulisha ni kwamba umaarufu wake umetangulia ushahidi.

Katika Afrika Mashariki jambo hilo lilionekana wazi wakati wa UVIKO-19 kuanzia mwaka 2020, lakini mifano yake ni ya zamani zaidi.

Historia

Wakati wa homa kuu ya mafua ya mwaka 1918 kwinini, ambayo ni dawa ya malaria, ilitumiwa katika nchi nyingi ingawa haiui virusi vya mafua.

Mwaka 1990 Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya (KEMRI) ilitangaza dawa iliyoitwa Kemron kwa ajili ya wagonjwa wa UKIMWI. Habari hiyo ilipokewa kwa furaha kubwa, kwa kuwa wakati ule mgonjwa hakuwa na tumaini lingine kubwa. Majaribio yaliyofuata, likiwemo lililofanyika Uganda, hayakuona faida yake.

Mwaka 2011 maelfu ya watu kutoka Tanzania na nchi jirani walimiminika katika kijiji cha Samunge, Loliondo, wilaya ya Ngorongoro. Huko mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, maarufu kama Babu wa Loliondo, alitoa kikombe cha dawa ya mitishamba kwa shilingi 500. Dawa hiyo ilisemwa kutibu kisukari, shinikizo la damu, UKIMWI na magonjwa mengine. Wapo wagonjwa waliofariki safarini au wakiwa kwenye foleni, na wengine waliacha dawa zao za hospitali wakiamini wamepona.

Wakati wa UVIKO-19

Duniani

Mnamo Machi 2020 kundi la watafiti la Didier Raoult nchini Ufaransa lilichapisha utafiti mdogo uliodai kwamba hydroxychloroquine huondoa virusi mwilini. Wagonjwa 26 walipewa dawa hiyo, lakini 6 waliondolewa katika hesabu ya mwisho. Kati ya hao mmoja alifariki na 3 walihamishiwa chumba cha wagonjwa mahututi. Siku chache baadaye rais Donald Trump wa Marekani aliisifu dawa hiyo, nayo ikatafutwa kila mahali. Jaribio kubwa la Uingereza liitwalo RECOVERY lilionesha kwamba asilimia 27 ya waliopewa dawa hiyo walifariki ndani ya siku 28, ikilinganishwa na asilimia 25 ya wasiopewa. Hivyo haikuwa na msaada. Makala ya Raoult ilifutwa rasmi na jarida lililoichapisha mnamo Desemba 2024.

Ivermectin, dawa ya minyoo na vimelea, ilipata umaarufu baada ya utafiti wa maabara wa Australia. Majaribio makubwa kwa wagonjwa hayakuthibitisha faida yake kwa UVIKO-19.

Madagaska na Tanzania

Tarehe 20 Aprili 2020 rais Andry Rajoelina wa Madagaska alizindua kinywaji cha Covid-Organics kilichotengenezwa kwa pakanga na mitishamba mingine. Mwezi Mei ndege ya Tanzania ilikwenda kukichukua, ikiwa na waziri wa mambo ya nje Palamagamba Kabudi. Mwezi Julai maambukizi yalipanda sana Madagaska kwenyewe, na mji mkuu Antananarivo ukawekewa tena marufuku ya kutoka.

Nchini Tanzania mgonjwa wa kwanza alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, na takwimu za taifa ziliacha kutolewa mwishoni mwa Aprili. Wananchi wengi walitumia nyungu, yaani kujifukiza kwa mvuke wa majani kama ya mkaratusi, mlimao na mchaichai, pamoja na vinywaji vya tangawizi, limao na kitunguu saumu. Rais John Magufuli alihimiza kujifukiza. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu ilitoa dawa ya NIMRICAF, na baadhi ya hospitali ziliweka vibanda vya kujifukizia. Tarehe 1 Februari 2021 waziri wa afya Dorothy Gwajima alionesha mbele ya waandishi wa habari jinsi ya kuandaa kinywaji cha viungo hivyo, akasema nchi haikuwa na mpango wa kupokea chanjo. Msimamo huo ulibadilika chini ya rais Samia Suluhu Hassan, aliyezindua chanjo kwa kuchanjwa yeye mwenyewe tarehe 28 Julai 2021.

Sababu za umaarufu

* Hofu na ukosefu wa tiba. Mtu aliyeambiwa asubiri utafiti huku ndugu yake akishindwa kupumua huona ni afadhali kujaribu chochote.
* Wengi hupona wenyewe. Takwimu za China za Februari 2020 zilionesha kwamba takriban asilimia 81 ya wagonjwa waliothibitishwa hawakufikia hali mbaya. Tuseme watu 100 wa namna hiyo wanakunywa maji ya majani fulani: takriban 81 watasema yamewaponya, hata kama majani hayakufanya lolote.
* Waliokufa hawatoi ushuhuda. Aliyepona husimulia sokoni na kanisani, aliyefariki hasikiki.
* Kauli za wakubwa. Neno la rais, waziri, daktari au kiongozi wa dini hupewa uzito kuliko jarida la kisayansi.
* Urahisi na mazoea. Limao na tangawizi zinajulikana, hazihitaji cheti cha daktari, na mvuke hufungua pua iliyoziba. Nafuu hiyo ni ya kweli, ila kupunguza dalili si kuua virusi.
* Fahari ya kwetu. Dawa ya Kiafrika huonekana kama jibu kwa dharau ya nchi tajiri.
* Biashara na simu. Ujumbe mmoja husambazwa kwa maelfu bila jina la aliyeuandika, na wauzaji hunufaika.

Mfano wa Mkoa wa Simiyu

Mkoa wa Simiyu, wenye makao makuu Bariadi, ulianzishwa mwaka 2012 na una wilaya za Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Wakazi wengi ni Wasukuma, wakulima wa pamba na wafugaji. Kama kwingineko vijijini, mgonjwa huwa na njia kadhaa mbele yake: zahanati, duka la dawa muhimu, mganga wa jadi, au muuza dawa mwenye kipaza sauti mnadani. Kujifukiza kwa ajili ya homa na mafua kulijulikana kabla ya UVIKO-19, hivyo wito wa nyungu haukuwa jambo geni. Tena homa, uchovu na maumivu ya kichwa ni dalili za malaria pia. Anayemeza dawa bila kupimwa hawezi kujua alichougua wala kilichomponya.

Madhara

Hatari kubwa kuliko zote ni kuchelewa kufika hospitali, hasa kwa mgonjwa anayehitaji oksijeni. Nyingine ni kuacha dawa za kudumu, kama ilivyotokea Loliondo. Mvuke huunguza: mwaka 2020 hospitali ya watoto ya Birmingham, Uingereza, iliripoti ongezeko la watoto waliounguzwa kwa kujifukiza. Nchini Iran mamia ya watu walikufa kwa kunywa pombe yenye sumu wakidhani inakinga. Matumizi ovyo ya antibiotiki huongeza usugu wa vimelea.

Namna ya kuthibitisha dawa

Wagonjwa hugawanywa kwa bahati nasibu katika makundi mawili, moja likapewa dawa na lingine lisipewe. Kisha wote huhesabiwa, waliopona na waliokufa. Kwa njia hiyo deksamethasoni, dawa ya zamani na ya bei nafuu, ilionekana Juni 2020 kupunguza vifo vya wagonjwa waliokuwa kwenye mashine za kupumulia kutoka asilimia 41 hadi 29.

Njia hiyo haibagui dawa za asili. Artemisinini, dawa ya malaria, ilipatikana katika pakanga ya China, na Tu Youyou aliyeongoza utafiti huo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, iliyounda baraza la kusimamia waganga na dawa zao. Hata hivyo kusajiliwa kwa mganga si uthibitisho kwamba kila dawa yake inatibu ugonjwa unaotajwa.