Pishi Pungufu: Rai Juu ya Kura za Uingereza na Marekani

Kila ufikapo usiku wa uchaguzi mkuu Uingereza, katika mji wa Sunderland, vijana hujipanga safu wakapokezana masanduku ya kura mbio kutoka magarini hadi mezani, ili mji wao upate fahari ya kuwa wa mwanzo kutangaza matokeo. Na mezani wahesabuji hufunua karatasi moja moja, kila moja ina alama iliyotiwa kwa mkono wa raia, wakazifunga mafungu mafungu mbele ya mawakala wa wagombea, ambao huinama wakichungua kila kidole kinachosogea. Hakuna aitazamaye kazi ile kwa insafu asiyekiri kuwa ni kazi ya uaminifu. Basi hoja yangu si kwamba Waingereza, wala Wamarekani, huiba kura: huzihesabu sawasawa, moja baada ya moja, kisha wakazipima kwa pishi pungufu. Na ninaamini kwamba mengi tunayoyaona leo katika siasa za mataifa yale mawili, yale ambayo waandishi wa magazeti huyabebesha tabia za mtu fulani au ghururi ya mwingine, asili yake imo katika pishi lile.

Tarehe 4 Julai 2024 chama cha Labour kilipata viti 411 katika 650 vya Bunge la Makabwela, yaani karibu theluthi mbili, ilhali kura zake zilikuwa asilimia 33.7, theluthi moja na chembe. Lililo zito zaidi ni hili, kwamba kura hizo, takriban milioni 9.7, zilikuwa chache kuliko zile milioni 10.3 ambazo chama hicho kilizipata chini ya Jeremy Corbyn mwaka 2019, kiliposhindwa vibaya kikabakiwa na viti 202. Chama kile kile kilipoteza zaidi ya kura laki tano, kikaongeza zaidi ya viti mia mbili. Na mfanyabiashara ambaye nafaka yake imepungua ghalani lakini hesabu ya daftari lake imeongezeka maradufu, hukaguliwa pishi lake kabla ya kupewa hongera.

Tuitazame sehemu moja kwa karibu. South West Norfolk, nchi ya mashamba mashariki ya Uingereza, ndiko alikokuwa akisimama Liz Truss, ambaye mwaka 2022 alikuwa Waziri Mkuu kwa siku 49 baada ya kuchaguliwa na wanachama wa chama chake wapatao 81,000, katika taifa la watu milioni 67. Mwaka 2024 aliangushwa pale kwa kura 630, na aliyemwangusha alipata asilimia 26.7 tu ya kura zilizopigwa. Maana yake ni kwamba katika kila wapiga kura wanne, karibu watatu walimtaka mtu mwingine, na kura zao, baada ya kuhesabiwa kwa taadhima yote, zilikuwa kama maji yaliyomwagwa mchangani.

Chama cha Reform, mwaka ule ule, kilipata asilimia 14.3 ya kura kikapewa viti vitano, na Liberal Democrats, kwa asilimia 12.2, wakapewa 72. Siasa za Reform, na hasa maneno yake juu ya wahamiaji, mimi nazipinga. Walakini insafu haichagui wa kumtendea, na dhuluma haigeuki kuwa haki kwa sababu imemfika mtu tusiyempenda. Mwaka 2015 watu karibu milioni 3.9 walikipigia kura chama cha UKIP, kilichotaka nchi ijitoe katika Umoja wa Ulaya, wakaambulia mbunge mmoja. Mwaka uliofuata, tarehe 23 Juni, raia wote waliulizwa swali moja tu, ambalo majibu yake yangepimwa nchi nzima kwa kipimo kimoja, na asilimia 51.9 wakasema wajitoe katika Umoja wa Ulaya. Sikusudii kusema kwamba hiyo ndiyo sababu pekee ya tukio lile, maana sababu zake ni nyingi. Bali nasema kwamba ghadhabu iliyonyimwa mlango wa Bunge hutafuta mlango mwingine, na watawala ambao hawakuizoea sauti yake barazani hawana budi kushtuka inapowafikia ukumbini.

Marekani pishi ni jingine, na asili yake inasikitisha zaidi. Waasisi wake walipokutana Philadelphia mwaka 1787 kuitunga katiba yao, walikubaliana kwamba watumwa wahesabiwe kila mmoja kuwa tatu katika sehemu tano za mtu, si ili mtumwa apate sauti, bali ili jimbo la bwana wake liongezewe wabunge na, kwa njia hiyo, wajumbe wa kumteua Rais. Utumwa ulifutwa, mpango wa wajumbe ukabaki. Leo wajumbe hao ni 538, na mpango huo ndio uliomfanya Al Gore akose urais mwaka 2000 kwa kura 537 za Florida, ilhali katika nchi nzima alimzidi mwenziwe kwa kura zaidi ya laki tano. Na mwaka 2016 Hillary Clinton akazidi kwa kura karibu milioni 2.9, akashindwa kwa sababu ya kura zisizofika laki moja katika majimbo ya Michigan, Wisconsin na Pennsylvania. Baraza la Wawakilishi lilikwisha pitisha mwaka 1969, kwa kura 338 dhidi ya 70, kwamba mpango huo uondolewe, lakini mwaka uliofuata shauri likafia katika Seneti, ambako Wyoming yenye watu laki sita kasoro ina maseneta wawili sawasawa na California yenye watu milioni 39.

Haki hunilazimisha kuongeza kwamba mwaka 2024 Donald Trump alipata kura nyingi kuliko mshindani wake, asilimia 49.8, na mara hiyo mizani na watu vilipatana. Hata hivyo mashindano yenyewe yalipiganwa katika majimbo saba tu, na mwaka uliofuata Texas ikakata upya mipaka ya majimbo yake ya uchaguzi ili chama kimoja kipate viti vitano zaidi, California nayo ikajibu kwa kukata yake, kila upande ukijua kwamba Mahakama ya Juu ilikwisha amua mwaka 2019 kuwa hila ya namna hiyo si ya kuhukumiwa na mahakama za shirikisho.

Tarehe 6 Januari 2021 watumishi wa Seneti walikimbia na masanduku ya mbao yenye hati za wajumbe, ili yasiangukie mikononi mwa halaiki iliyokwisha vunja madirisha. Madai ya watu wale, kwamba kura ziliibwa, yalikuwa ya uwongo, na mahakama kadhaa wa kadhaa zilikuwa zimeyatupa. Lakini nionavyo mimi, uwongo huota upesi katika ardhi iliyolimwa: nchi ambayo kwa sheria zake zenyewe aliyepata kura chache huweza kutawala, ni vigumu kuwafundisha raia wake kwamba hesabu ndiyo hakimu.

Wanaoutetea utaratibu wa Uingereza hutoa hujja mbili. Ya kwanza, kwamba kila raia ana mbunge wake wa mtaani wa kumshtakia, ni hujja njema, na Wajerumani wameihifadhi wakaongeza uwiano, yaani viti kulingana na kura, juu yake. Ya pili, kwamba serikali hudumu imara, imepoteza nguvu zake katika taifa lililoongozwa na mawaziri wakuu watano kati ya mwaka 2016 na 2022.

Nasi wa pwani hatulisomi jambo hili kama wageni. Mwezi wa Julai 1963, chini ya ulinzi wa Waingereza na kwa utaratibu wao, chama cha Afro-Shirazi kilipata asilimia 54 ya kura za Unguja na Pemba, kikapewa viti 13 katika 31, kwa kuwa kura zake zilirundikana katika majimbo machache. Na vyama vya ZNP na ZPPP, vilivyokuwa na kura pungufu, vikaunda serikali kwa viti 18. Uhuru ulikabidhiwa tarehe 10 Desemba. Tarehe 12 Januari 1964 serikali ile haikuwapo tena, na damu iliyomwagika baada yake haina pishi la kuipima. Mapinduzi yale yalikuwa na mizizi mirefu kuliko uchaguzi mmoja, wala simpi yeyote udhuru wa kuua. Nasema tu kwamba wazee wetu waliliona kwa macho yao jambo ambalo wenye utaratibu huo wanaliona geni leo.

Marekani, kubadili mpango wa wajumbe kunahitaji ridhaa ya majimbo 38 katika 50. Uingereza yatosha sheria moja ya Bunge. Ni kweli kwamba mwaka 2011 asilimia 67.9 ya wapiga kura walikataa badiliko, lakini waliloulizwa halikuwa uwiano, na hawajaulizwa hilo hadi leo. Mkutano mkuu wa Labour wenyewe uliazimia mwaka 2022 kwamba uwiano ufuatwe. Tarehe 3 Desemba 2024 mbunge Sarah Olney wa Liberal Democrats aliomba ruhusa ya kuleta mswada wa uwiano, akaruhusiwa kwa kura 138 dhidi ya 136. Serikali yenye viti 411 haikuupa mswada ule muda wa kujadiliwa.