Harufu ya mdomo, sehemu ya 3: Muuza vitambaa aliyechungulia ukoga

Juzi mama mmoja alimleta mwanawe, wenzake darasani wanamkimbia kwa harufu ya mdomo. Nyumbani alishapewa dawa ya minyoo mara tatu, eti tumbo chafu.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo. Mwaka 1683, mjini Delft, Uholanzi, muuza vitambaa Antonie van Leeuwenhoek alikwangua ukoga wa meno yake, akauchungulia kwa lenzi aliyoitengeneza mwenyewe. Akaona vidudu hai vinatembea! Na huyo alikuwa anasugua meno kwa chumvi kila asubuhi. Alipoangalia ukoga wa mzee ambaye hakuwahi kusafisha kinywa, vilikuwa vingi ajabu.

Vidudu hivyo ndio bakteria. Wanakula mabaki ya chakula na kutoa gesi zenye salfa, ndiyo harufu yenyewe. Mara nyingi chanzo kiko mdomoni, siyo tumboni.

Kwa hiyo mswaki mara mbili kwa siku, dawa ya meno yenye floraidi, na ulimi usuguliwe taratibu. Harufu ikiendelea, nendeni kwa daktari wa meno.

Yule mtoto? Jino la nyuma kabisa lilikuwa limeoza. Hakuna aliyewahi kumwambia, "Fungua mdomo mwanangu, nione."