Mafunzo na Kipawa katika Uchongaji wa Vinyago Ng'ambo ya Makupa

Makupa, mahali ambapo kisiwa cha Mombasa kinakaribiana na bara upande wa kaskazini-magharibi, palikuwa kivuko cha watu waliopita kwa miguu maji yakipwa, na Wareno walijenga ngome ndogo hapo ili kuwazuia maadui wasiingie kisiwani. Reli ya Uganda ilipoweka daraja lake katika miaka ya 1890, kivuko hicho kikawa njia kuu ya watu wa bara waliofuata kazi mjini na bandarini. Miongoni mwa waliofika baadaye walikuwa Wakamba waliochonga vinyago, yaani sanamu za mbao za watu na wanyama, ambao mwaka 1963 waliunda ushirika wao Changamwe, mara tu mtu avukapo Makupa.

Simulizi za Wakamba zinaurudisha uchongaji huu kwa Mutisya Munge wa Wamunyu, ambaye wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza alifika Tanganyika na kuwaona wachongaji wa huko wakifanya kazi, kisha akarudi na ujuzi huo kwao. Anayeheshimiwa kama mwanzilishi alikuwa, kwa hiyo, mwanafunzi wa watu wengine. Isitoshe, jamii aliyorudi kwayo ilikwisha kuwa na mafundi wa vigoda vya miguu mitatu vilivyotiwa nakshi za waya, hivyo mbegu hiyo iliangukia mikono iliyokwisha kuzoea mbao.

Mwanafunzi wa Changamwe, mara nyingi kijana wa ukoo wa fundi, huanza na msasa. Kazi hiyo hudharauliwa na wapita njia, ingawa ndiyo darasa la kwanza la umbo, kwa kuwa anayesugua miguu ya swara mmoja baada ya mwingine hujua kwa viganja vyake mahali goti linapoanzia kabla hajaruhusiwa kulichonga. Baadaye hushika tezo, chombo ambacho bapa lake limekingama na mpini, na hufundishwa kuufuata mwelekeo wa nyuzi za mti, kuutenga moyo mweusi wa mpingo na sehemu yake nyeupe ya nje, na kuona mnyama ndani ya gogo, mara nyingi bila mchoro wowote. Wengi hubaki na mnyama mmoja kwa miaka, twiga au kifaru, hadi mkono uende bila kusitasita. Chini ya kinyago huandikwa nambari ya mwanachama wa ushirika, ili mwenye kazi alipwe kinapouzwa; jina lake mnunuzi halijui.

Wakosoaji wa sanaa wameziita kazi hizi za kitalii, na wakayaona mafunzo ya kurudiarudia kuwa ndiyo yaliyoua kipawa. Hukumu hiyo inamwonea fundi, kwa sababu anayeagiza twiga mia wanaofanana ni mfanyabiashara, naye mchongaji mwenye watoto wa kulisha hawezi kumpelekea kitu ambacho hakukitaka. Ushahidi uko Dar es Salaam, ambako mwishoni mwa miaka ya 1950 Samaki Likankoa, Mmakonde aliyetoka Msumbiji, alimpelekea mfanyabiashara Mohamed Peera kinyago cha pepo chenye umbo lisilowahi kuuzwa. Peera alikinunua na kumhimiza aendelee, na hapo ukazaliwa mtindo wa shetani, ambao umeenea duniani. Likankoa alikuwa na kipawa kikubwa, lakini aliweza kulipinda umbo la kiumbe kwa kuwa mkono wake ulikwisha kujua kulinyoosha, na zaidi ya yote alimpata mtu aliyekuwa tayari kulipia jambo geni. Mafundi wa Changamwe walikuwa na la kwanza na la pili. La tatu liliwafikia mara chache mno.

Thamani ya misingi ya mafunzo yao ilionekana katika miaka ya 1990, muhugu, mti wa kuchongea vinyago, ulipoadimika katika misitu ya pwani na watetezi wa misitu wakawahimiza wachongaji kutumia mwarobaini, mti unaopandwa uani na mashambani. Mti huo una nyuzi zake na rangi yake, na ukichongwa mbichi huweza kupasuka unapokauka, hivyo ilibidi mafundi wajifunze upya namna ya kuukausha na unene wa kuachia miguu ya mnyama. Waliomudu mabadiliko hayo walikuwa ni wale waliofunzwa kuusoma mti kabla ya kuugusa kwa tezo.