Hospitali Zetu Zilikuwa za Nani?

Likizo iliyopita mjukuu wangu anayesomea uuguzi aliniuliza: "Babu, hospitali za zamani za huku kwetu zilikuwa za serikali au za binafsi?" Nikamjibu kwamba hazikuwa hiki wala kile. Akacheka, akidhani babu amechoka. Ndiyo sababu nimeshika kalamu.

Karagwe, ambayo Kyerwa ilikuwa sehemu yake hadi mwaka 2012, iliishi miaka mingi kwa kutegemea hospitali za makanisa: Nyakahanga ya Walutheri, Nyakaiga na Isingiro za Wakatoliki. Mapadri Weupe walikuwa wamefika Bukoba tangu 1892, nao wamisionari wa Betheli walifika 1910. Desturi yao ilikuwa moja: palipojengwa kanisa pakafuata shule, na penye shule haukupita muda mrefu kabla ya zahanati. Kanisa na shule viliweza kuongozwa na katekista na mwalimu wa hapa hapa. Zahanati ilidai muuguzi, dawa, na gari la kuleta dawa, kwa hiyo ilikua polepole. Lakini ilipokua, haikuuliza mgonjwa ni wa dhehebu gani.

Mimi nilitoka Chuo cha Ualimu Katoke mwanzoni mwa miaka ya 1970, nikapangiwa shule iliyokuwa ya misheni miaka michache tu nyuma. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliiwezesha Serikali kuzitwaa shule za madhehebu, na sisi vijana wa Azimio la Arusha tulishangilia. Tulidhani zamu ya hospitali inafuata. Kweli Bugando kule Mwanza ilitwaliwa mwaka 1972, ikarudishwa kwa maaskofu 1985. Lakini hospitali za mashambani ziliachwa mikononi mwa wenyewe. Serikali ilikuwa na walimu wa kuzijaza shule; madaktari wa kuzijaza hospitali haikuwa nao. Basi ikatumia njia ya busara: palipokosekana hospitali ya serikali, ya kanisa iliteuliwa kuwa hospitali ya wilaya, ikapewa ruzuku na watumishi. Nyakahanga ikawa Hospitali Teule. Jengo la kanisa, mshahara wa Serikali, mgonjwa wa kila mtu. Mjukuu wangu aniambie hapo neno "binafsi" linakaa wapi.

Mwaka 1977 ilitungwa sheria ya kuzuia uganga wa kutafuta faida, ila mashirika yaliyokubaliwa, yakiwamo makanisa, yaliruhusiwa kuendelea. Nilifundisha siasa wakati huo, na niliisifu sheria ile kwa sauti kubwa. Sikujua kwamba miaka tisa baadaye ningeokolewa na ule mlango ulioachwa wazi. Usiku mmoja wa mvua, 1986, tukiishi upande wa Murongo, mama watoto alishikwa na uchungu, mtoto akakataa kutoka. Majirani walimbeba kwa machela hadi barabarani, tukapata lori la kahawa, tukafika Isingiro alfajiri. Kufika Nyakahanga kwa tope lile kungechukua siku nzima. Mtoto aliyezaliwa asubuhi ile ndiye mama wa huyo mjukuu anayeniuliza maswali. Nilidaiwa fedha kidogo, nikaruhusiwa kulipa mwisho wa mwezi.

Miaka ya 1990 mambo yalibadilika upesi. UKIMWI, ambao wagonjwa wake wa kwanza nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, ulikuwa umejaza wodi. Mwaka 1994 wakimbizi wa Rwanda walimiminika hata huku kwetu. Wakati huohuo sheria ya 1977 ilirekebishwa mwaka 1991, na zahanati za watu binafsi zikachipuka katika miji midogo kama uyoga, nyingine nzuri, nyingine duka la sindano tu. Mwaka 1992 Serikali na makanisa walitia sahihi mkataba wa ushirikiano. Mwaka uliofuata hospitali za serikali nazo zikaanza kutoza ada, jambo lililoitwa kuchangia.

Kuchangia! Mwaka 1995 nilikuwa mwalimu mkuu. Mwanafunzi wangu mmoja wa darasa la sita hakuonekana kwa majuma mawili. Nikaambiwa anampelekea mama yake chakula katika hospitali moja, ambayo jina lake nalihifadhi. Mama alikuwa amepasuliwa na kupona, lakini hakuruhusiwa kutoka mpaka deni lilipwe. Nilifungua sanduku la michango ya madawati, nikachukua fedha za watu, nikaenda kulipa. Sikumwuliza mtu. Nilizirudisha kwa mihula miwili, kwa mshahara na magunia ya maharage. Mwenyekiti wa kamati ya shule alikagua daftari katikati ya muda huo. Alinitazama, akalifunga, akaomba maji ya kunywa.

Siwalaumu sana wale waliomzuia. Ruzuku ilichelewa, wafadhili wa Ulaya walipungua, na dawa hazinunuliwi kwa sala. Lakini watoto wale walikaa chini kwenye sakafu mihula miwili kwa sababu yangu, na jambo hilo sijawahi kuliandika mpaka leo.

Mwaka 2001 sisi watumishi tulianza kutibiwa kwa Bima ya Afya. Nilipewa kadi, jirani yangu mkulima hakuwa nayo. Tulikuwa tukikutana dirishani, mimi nikitoa kadi, yeye akifungua kitambaa cha fedha na kuhesabu. Tangu mwaka wa fedha 2018/19 Serikali imejenga hospitali zake za wilaya kwa wingi nchini, na mwaka 2023 ikapitishwa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Jirani yule amezeeka kama mimi. Juzi alikuja jioni, akakaa, akaniuliza kama bima hiyo mpya itapokelewa na Isingiro, maana huko ndiko anakojulikana.